Miguu ya Bibi Harusi Mtoni

Sogeeni niwape ya mtoni, mradi msiseme mmeyapata kwangu.

Asubuhi ya harusi yake, Korongo aliingizwa majini na somo yake, Bata aliyemfunda, aogeshwe na kusuguliwa liwa ya kunukia. Kasuku, ambaye hakualikwa, akachungulia kutoka tawini.

"Shoga, miguu yako imevunjika! Ona ilivyopinda!"

Korongo akainama, akatazama. Kweli, majini imepinda. Akaangua kilio. "Somo yangu, nani atanioa na miguu hii?"

Kasuku alikwisha kuruka hadi kwa kina bwana harusi. Mama mkwe akasema, "Pilau lisipakuliwe, hakuna harusi." Lakini mwanawe alikuwa keshatoka mbio, akajitosa mtoni kumfuata mchumba wake. Mama akamfuata, akatazama majini, akapiga ukemi.

"Uwii! Na mwanangu kavunjika!"

"Basi wamefaana," Bata akasema, huku anasugua liwa. "Mwanga ukitoka majini hupinda njia, na jicho halijui, hudhani umekuja moja kwa moja. Kilichopinda ni mwanga, mama, si miguu. Tokeni mwone."

Wakatoka wote. Miguu ya bibi na bwana imenyooka kama mianzi. Mama mkwe akashusha pumzi, kisha akajikagua na yake, maana naye alikuwa ameingia hadi magotini.

Jioni Korongo aliolewa, akacheza mpaka wageni wakachoka kumtazama miguu.