Utani wa Shemeji

Tangu Mwanaidi apasuliwe tumbo, kicheko kilikuwa marufuku nyumbani kwake. Kila akicheka, kitu ndani kilimvuta kama uzi ulioshonwa vibaya, akajikunja. Aliyeumia zaidi ni shemeji yake Mwinjuma, mtani asiye na breki. Siku hizi alimsalimia kwa adabu, macho chini, kama mtu aliyekuja kutoa pole.

Leo ndiye aliyemsindikiza kwa Bi Salome, mkandaji wa hospitali, akabaki kwenye benchi nyuma ya pazia.

"Juu pamepona," alisema Bi Salome, vidole vikitulia kando ya kovu. "Ndani ndiko nyama zimeshikana. Hatuzilazimishi, tunazibembeleza."

Hakukandamiza. Aliisogeza ngozi kidogo, akasubiri, akaisogeza tena, hadi Mwanaidi akahisi palipokaza pakilegea, na pumzi ikashuka mpaka chini ya kitovu.

"Nini kinakuuma kuliko vyote?"

"Kucheka."

"Basi ukifika nyumbani, jaribu kidogo kidogo."

Mwanaidi hakungoja kufika nyumbani. Aliweka kiganja juu ya kovu, akapaza sauti.

"Shemeji! Kaka yako anakoroma kuliko zamani. Hivi mlinipa mume au mashine ya kusaga?"

Bi Salome aliacha kukunja taulo.

Kisha benchi likalia, na Mwinjuma akasafisha koo, kama alivyozoea kufanya zamani kabla ya kuwavunja watu mbavu.

Mwanaidi akafumba macho, kiganja palepale, akangoja.