Siku Aliyojitoa Uwanjani

Fundi cherehani alikuwa anampima kiuno kwa futi shujaa wake wa kriketi.

"Mzee, siku ile mpira ulipokigusa kidogo kigongo chako cha kupigia ukadakwa, kwa sheria ulikuwa umetoka. Mwamuzi hakuona mguso, lakini ulijitoa mwenyewe uwanjani. Wanangu wote nimewalea kwa hadithi hiyo. Mimi ndiye fundi pekee hapa mjini asiyemdanganya mteja kwa 'njoo kesho'. Nguo ikiwa bado, nasema bado."

Mzee alicheka mpaka tumbo likaisukuma futi.

"Mwanangu, mpira haukugusa kitu. Tumbo lilinichafuka tangu asubuhi. Ningesimama pale kidogo tu, ningeumbuka mbele ya umati. Nilikuwa nawahi chooni."

Futi ikalegea kiunoni mwa mzee.

Nyuma ya pazia, cherehani ya mke wa fundi ikanyamaza. Mwanamke huyu alitongozwa kwa hadithi ile ile.

"Baba watoto, anasemaje? Mashine ilikuwa inanipigia kelele. Ni kweli mpira uligusa?"

Mzee akageuza shingo. Alimtazama fundi kwa utulivu, kama mchezaji anayengoja mkono wa mwamuzi.

Fundi akaikaza futi.

"Uligusa, mama. Kidogo tu, lakini uligusa."

Cherehani ikaanza kulia tena.

"Suruali niifuate lini?" mzee akauliza.

Fundi akautazama mlima wa vitambaa vya watu, ambavyo hata mkasi havijauona.

"Njoo kesho, mzee wangu."