Ngoma ya Mbaruku

Kosa ni langu, nakiri. Ni mimi niliyewasimulia watoto wa mtaani hadithi ya zimwi lililomfungia binti ndani ya ngoma, tena ile sauti ya binti nikaiimba vizuri kupita kiasi.

Kesho yake akapita Mbaruku, mpiga ngoma mgeni, anawahi arusi ya mtaa wa pili na ngoma kubwa mgongoni. Watoto wakapiga mayowe. Mama zao wakatoka na michi.

"Pasua tuone ndani!" akafoka Bi Mwanaidi.

"Mama, ngozi hii ndiyo ugali wa wanangu. Igongeni tu, msikilize."

"Hata lile zimwi liliwaambia watu wasikilize! Pasua, au tukupasue wewe!"

Mimi, mcheshi wa mtaa, nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wangu.

Mbaruku akatoa kisu, akaichana ngozi kutoka ukingo hadi ukingo. Vigelegele vya arusi vikasikika kutoka mtaa wa pili.

"Sasa jamani, mmoja wenu anisindikize, akawaeleze wenye arusi."

Vichwa vyote vilikuwa vimeinama, bado vinachungulia ndani ya ngoma tupu.