Kiti cha Mwandishi

Damas alikivuta kile kiti cha ngozi kutoka mbele ya televisheni, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, akakiweka katikati ya sebule na kutangaza kwamba hakuna mtu wa kukikalia. Wenzake wa klabu ya vitabu wakatazamana. Tangu anunue nyumba hii ya Blaine, huku Minnesota, kiti hicho hakukikalia mtu ila yeye mwenyewe.

"Leo ni cha mwandishi," alisema. "Amekubali kuja."

"Mwandishi mwenyewe? Hapa?" Hemed aliuliza.

Hemed hakuuliza bure. Klabu yao ilisoma vitabu vipya vya mambo ya kweli tu, hadithi za kubuni hawakuzitaka, na mwenye kuchagua alikuwa mwenyekiti, yaani Damas. Alikuwa amewachagulia historia ya saruji, halafu kitabu kinene kuhusu maradhi ya nyuki, na hakuna aliyevuka kurasa za mwanzo. Hemed alishaanza kuwapigia watu simu kichinichini akiutaka uenyekiti. Kitabu cha leo kikianguka, Damas anaanguka nacho. Na uenyekiti ule, jamani, aliupenda! Kazini alikuwa mhasibu kama wahasibu wengine. Ni Jumamosi hizi tu ndipo watu walipomwita Mwenyekiti.

Lakini safari hii alipatia. Kitabu chenyewe, *Jikoni Kuna Mtu*, kilikuwa kimetoka Dar es Salaam mwaka huu huu: maisha ya kweli ya mwanamke wa Kitanzania aliyeolewa Minnesota. Mwandishi alijificha kwa jina la Bi Theluji. Wote walikimaliza, hata Elinaja, ambaye siku zote huja kwa ajili ya sambusa. Damas aliwaandikia wachapishaji, nao wakajibu kwamba mwandishi anaishi huku huku na atafika saa tisa. Mwandishi huyo hakuuliza hata anwani.

"Ndivyo walivyo watu wakubwa," Damas aliwaeleza. "Wana watu wa kuwatafutia njia."

Mkewe akachungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Baba Alvin, nina neno nawe."

"Ngoja kidogo, Mama Alvin."

Neno hilo mkewe alikuwa nalo tangu Jumatatu. Damas alikisia kwamba ni habari ya yale masomo yake, maana kila akitoka kazini hospitalini alipitia maktaba ya Fridley akakaa huko mpaka inafungwa. Anasomea nini, Damas hakuwahi kuuliza. Masomo yangeweza kusubiri, mgeni hawezi.

"Tuanze kukionja kitabu wakati tunamngoja," alisema. "Hemed, tusomee ile ya kituo cha treni."

Hemed akasoma, hataki hataki: "'Alinishusha Cedar-Riverside ninunue viungo, akaniambia anazunguka mara moja tu kutafuta pa kuegesha gari. Alikuwa kwenye simu, anabishana na mwenzake. Nikasimama kwenye baridi mpaka sizisikii nyayo zangu. Kumbe yeye alishafika nyumbani, akavua viatu, akala, akashiba. Nilipompigia, akaniuliza: Kwani hupo jikoni?'"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Damas alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi. Elinaja naye alicheka, kisha ghafla akamtazama Damas, akachukua sambusa nyingine.

"Mjinga gani huyu!" Damas alisema. "Mwanamume mzima unamsahau mkeo barabarani? Mimi ningekuwa na mke mwenye kipaji hiki, wallahi, ningemkalisha pale," akakionyesha kiti cha ngozi, "na chai ningempelekea mimi!"

Wakampigia makofi. Hata Hemed alipiga, ingawa kwa vidole. Damas akaona uenyekiti umerudi mkononi. Huku bado anazungumza, akanyanyua kikombe chake kitupu bila kugeuka. Mama Alvin alikuwa nyuma yake na birika, akakijaza.

"Baba Alvin, lile neno ni la leo, si la kesho."

"Ngoja kidogo, mama. Huoni tuko kwenye mambo mazito?"

Saa tisa ikapita. Saa kumi ikakaribia. Damas alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Theluji ilikuwa imeshasukumwa pembeni, barabara tupu, wala hakuna gari lililokata kona kuja kwake.

"Labda amepotea," Elinaja alimtetea. "Nyumba za Blaine zote sura moja."

"Labda," Hemed alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Au labda Mwenyekiti ametuletea porojo. Jamani, mimi naona tupige kura sasa hivi, tusichoshane."

Damas aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mtu mmoja tu aje akae kwenye kile kiti, mtu mmoja tu, na heshima yake ingepona!

Mama Alvin akatoka jikoni. Aproni ameivua, kichwani amefunga kilemba, amevaa gauni la kitenge ambalo Damas hakuwahi kuliona. Akapita katikati ya wanaume bila haraka, akaketi kwenye kiti cha ngozi na kuegemea.

"Mama Alvin!" Damas alimnong'oneza kwa ukali. "Hicho kina mwenyewe, bwana! Anaweza kuingia sasa hivi!"

"Najua," alisema, akachomoa kalamu na kumnyooshea Hemed mkono. "Lete kitabu chako, shemeji, nikutilie sahihi. Baba Alvin, wewe ngoja kidogo."