Jina Kamili la Mgonjwa

Bi Siwatu alikuwa mgonjwa wa ishirini na wa mwisho. Msafiri, daktari wa meno, alikwishawapa dawa ya usingizi mwepesi wagonjwa kumi na tisa wa moyo na sukari, wote mbele ya msimamizi. Bibi huyu wa miaka themanini akiamka salama, Msafiri atapata cheti cha kuifanya kazi hiyo peke yake.

Gego lilitoka bila matata. Ikabaki kanuni ya mwisho: mgonjwa aitwe kwa jina lake kamili, naye aitike.

"Siwatu Mbaruku," aliita Msafiri, akiinamia kiti.

Akaita tena, kwa sauti zaidi.

"Siwatu Mbaruku."

Kifaa cha kidoleni kilisema moyo unadunda na pumzi ipo, lakini uso wa bibi ulikuwa umefungwa kama duka saa ya sala ya Ijumaa. Msimamizi akaita mwenyewe, kwa sauti ya darasani. Wapi. Akaanza kuinuka kuifuata sindano ya kuzindulia.

Jasho likimtoka, Msafiri alisahau mafunzo yote, akakumbuka malezi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu Bi Siwatu papo hapo, pamba mdomoni, macho kafumba. "Hujambo?"

"Sijambo, bibi."

Msimamizi akashusha pumzi, akarudi kwenye fomu yake. *Aliitika alipoitwa kwa jina: Ndiyo. Hapana.*

Bi Siwatu akafumbua jicho moja, likatua kwa msimamizi.

"Na huyu mwenye kalamu, kwao hawaamkii watu?"

Kalamu ikabaki hewani, katikati ya ndiyo na hapana.