Mbeleko ya Somoe

Macho ya watawala yalielea juu ya mapaa yote, yakitambua joto la miili. Kwa kila mtoto aliyeonekana, mzazi mmoja alichukuliwa akalime pamba yao. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi. Mume wa Somoe alikwenda kwa ajili ya kifungua mimba wao. Mtoto akafa kwa surua, na baba hakurudishwa.

Basi Tukae, mtoto wa pili, hakushuka mgongoni mwa mama yake. Alikula humo na kulala humo, ndani ya kanga iliyochujuka, ili lionekane joto moja tu. Sasa alikuwa na miaka sita, na mama yake akitwanga, miguu ya mtoto iliburuzika vumbini.

"Mwanangu, umebeba mtoto au mkwe?" alitania jirani yake, Bi Hadia, kisha akanong'ona, "Kesho ngoma ikilia, akina mama wote tunafungua mbeleko. Hatulimi pamba yao tena."

Ngoma ikalia. Somoe akafungua fundo. Tukae akateleza, akaketi chini kama furushi.

"Simama, mama," Somoe akamwambia bintiye.

"Nasimamaje?"

Ua kwa ua watoto walikuwa wameketi hivyo hivyo, wakilia, na Macho yakaanza kushuka. Kwa mazoea Somoe akainama ampe mgongo. Akajizuia, akamnyooshea mikono.

"Shika hapa, mama. Upesi."