Safu Nne za Vizibo

"Huyu binti arudi darasa la kwanza," mwalimu mkuu alikuwa ameshasema, kalamu mkononi.

"Nipe dakika moja tu, mwalimu," nikamwomba.

Wenzake darasani walimwita binti huyo Mojamoja, maana hakuweza kuhesabu bila kugusa kimoja kimoja, na ukimkatiza anaanza upya.

Mimi, mwalimu wake wa hesabu, nilimpangia vizibo vya soda juu ya dawati, safu nne, kila safu vitano. Kisha nikavifunika kwa daftari la mahudhurio, nikaacha wazi safu ya juu na ukingo wa kushoto tu.

"Vyote ni vingapi?"

Kidole chake cha shahada kikainuka, kikakosa pa kugusa vile vilivyofunikwa. Kikabaki hewani. Halafu akakikunja, akaficha mikono yote miwili nyuma ya sketi.

"Tano na tano, kumi. Na tano tena... na tano. Ishirini!"

"Kabahatisha huyo," akasema mkuu.



"Sijabahatisha, mwalimu." Akazunguka hadi ubavuni mwa dawati. "Ukisimama huku ni nne, nne, nne, nne, nne. Ishirini ileile. Hebu njoo uone."

Mwalimu mkuu akachomeka kalamu mfukoni, akaenda kusimama nyuma yake.